Uzi wa kujitengenezea pedali ya fazi: pima kwanza, majina ya transista baadaye

FundiTransista (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna mtu anauliza atumie transista gani apate fazi (fuzz, mlio wa gitaa uliochanika) tamu. Majibu yanayomiminika ni orodha ya majina: NKT275, AC128, BC108, BC109. Mwenye swali anazisaka, anazipata kwa tabu, anazichomeka, na pedali inakohoa. Anarudi kuuliza tena, anaambiwa alizopata ni feki. Inawezekana kweli ni feki. Lakini mara nyingi hakuna aliyemuuliza swali la maana: kolekta ya transista ya pili (mguu mmoja kati ya mitatu: kolekta, beisi na emita) inasoma volti ngapi?

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kwenye saketi ya Fuzz Face, ile iliyotolewa na Arbiter kule London mwaka 1966 na ambayo Jimi Hendrix aliipa umaarufu, volti ya kolekta ya Q2 (transista ya pili; ya kwanza ni Q1) inaamua tabia ya pedali kuliko maandishi yaliyopo mgongoni mwa transista.

Saketi yenyewe ina vipande kumi na moja tu. Transista mbili, rezista nne (33k, 8.2k, 100k na 470 ya omu; hiyo ni kwa transista za gerimani, zile za zamani, na kwenye toleo la silikoni ni 330), kapasita tatu (2.2µF ya kuingilia, 20µF kwenye emita ya Q2, 10nF ya kutokea), na nobu mbili: 1k ya fazi na 500k ya sauti. Basi. Ndiyo maana kila anayejifunza kulehemu anaanzia hapa, na ndiyo maana inasumbua: vipande ni vichache, kila kimoja kinamtegemea mwenzake, na ukigusa kimoja vyote vinahama.

Tuichambue ya silikoni, NPN, betri ya volti 9. Emita ya Q1 iko graundi, kwa hiyo beisi yake inakaa kwenye 0.6 hivi. Mkondo wa kuilisha beisi hiyo unatoka emita ya Q2 kupitia rezista ya 100k. Silikoni inakuza sana, kwa hiyo beisi inakula mkondo kiduchu, na kinachopotea kwenye ile 100k hakifiki hata volti 0.1. Emita ya Q2 basi inakaa kwenye 0.68 hivi. Kutoka hapo kwenda graundi kuna nobu ya fazi ya 1k, na ncha zake mbili za pembeni ndizo zilizoungwa, kwa hiyo hata uizungushe vipi betri inaona 1k ileile. Volti 0.68 juu ya 1k ni miliampu 0.68. Mkondo huohuo unapita upande wa juu kwenye 8.2k na 330, jumla 8.53k. Zidisha, unapata 5.8. Toa kwenye 9. Kolekta inabaki na 3.2.

Sasa gerimani, uache alama ya kutoa pembeni maana hizi ni PNP, umeme wake umegeuzwa kinyume cha NPN. Volti kati ya beisi na emita ni 0.15 hadi 0.2 tu. Lakini transista yenye hFE (kiwango cha kukuza) ya 75 inadai mkondo mkubwa zaidi wa beisi, kama mikroampu 3.3, na hiyo ikipita kwenye 100k inaacha 0.33. Emita ya Q2 inaangukia 0.5. Miliampu 0.5 mara 8.67k ni 4.3, kolekta inabaki na 4.7. Karibu kabisa na nusu ya betri.

Umeona? Ile 8.2k inaikalisha gerimani katikati. Ukiweka silikoni bila kugusa kitu unaangukia 3.2. Haijafa, inalia, na wapo wanaoipenda hivyohivyo. Ila si pedali ileile tena, na tofauti unayoisikia si ya "silikoni" peke yake.

Toa 8.2k, weka trimu (rezista ndogo ya kuzungusha) ya 10k, zungusha huku unapima mpaka kolekta isome 4.5. Hapo ndipo uanze kuamua kwa masikio. Karibuni.

NyuziSita

Mkuu nakuheshimu, hesabu zako safi, lakini hapana. Gerimani ni gerimani. Nimepiga zote mbili kwenye amplifaya moja, gitaa moja. Ukipunguza volyumu ya gitaa, gerimani inasafika, inakuwa na ule ubaridi fulani wa kioo. Silikoni inabaki inang'ata. Trimu haikupi hilo.

FundiTransista

Kuhusu kusafika nakubaliana nawe nusu. Kinachofanya Fuzz Face isafike ni kwamba mlango wake wa kuingilia una ukinzani mdogo sana, kiloomu chache tu. Pikapu ya gitaa inalemewa. Ukipunguza volyumu kidogo, ukinzani wa nobu ya gitaa unaingia kati na mambo yanabadilika ghafla. Silikoni ya hFE 500 inakuza mno, hata ukipunguza bado kuna ziada ya kutosha kukata wimbi. Jaribu BC108 au 2N3904 za kukuza kidogo, au weka trimu ya 50k mfululizo kabla ya kapasita ya kuingilia, uifungue kidogo kidogo. Utasogea karibu zaidi na unachokisema kuliko unavyodhani. Kufanana kabisa, hapana, hilo sitalidai. Silikoni inakata kwa ncha kali zaidi.

BintiGitaa

Nimekaa siti ya mbele. Mimi ndo naanza, nimeshaunga ya silikoni kwenye verobodi, transista BC547 mbili. Inatoa sauti lakini hafifu, kama redio iliyofunikwa blanketi, na fazi yenyewe haba. Nimekagua waya mpaka macho yanauma. Nianzie wapi?

FundiTransista

Dada, acha waya kwa sasa. Weka mita kwenye volti za DC, mkono mweusi kwenye graundi, halafu nipe namba sita: kolekta, beisi na emita za Q1, kisha za Q2. Na betri inasoma ngapi. Usichomeke gitaa.

BintiGitaa

Betri 9.2
Q1: kolekta 1.8, beisi 0.65, emita 0
Q2: kolekta 1.2, beisi 1.8, emita 1.1

KapasitaKavu

Ngoja wajuvi waje, ila hapo Q2 naona kolekta na emita zimekaribiana mno.

FundiTransista

KapasitaKavu kaona. Kolekta 1.2 na emita 1.1 maana yake Q2 imefunguka yote, haina nafasi ya kucheza. Imefunguka kwa sababu beisi yake inalishwa kupita kiasi. Anayetakiwa kuizuia ni Q1, kwa kuvuta kolekta yake chini, na Q1 havuti. Beisi yake ina 0.65, kwa hiyo si kwamba imekatika. Inapata mkondo lakini haikuzi.

Transista inayopitisha bila kukuza mara nyingi ni mzima aliyewekwa kinyumenyume. Ramani uliyofuata ilichorwa kwa transista gani?

BintiGitaa

2N3904. Niliambiwa BC547 inaingia pale pale.

FundiTransista

Inaingia kwa tabia, haiingii kwa miguu. Ukiitazama BC547 upande bapa, kushoto kwenda kulia ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni emita, beisi, kolekta. Beisi iko katikati kwa zote mbili, ndiyo maana hukupata shoti wala moshi, umepata transista inayofanya kazi kwa kurudi nyuma, inakuza mara chache tu. Zigeuze zote mbili, upande bapa uangalie ng'ambo ya pili. Na kama hukuweka soketi, weka sasa.

MpigaBesi

Na mkidesoda (kutoa lehemu) kwenye verobodi pashikeni moto kwa akili, ile mistari ya shaba inabanduka. Ikibanduka, kazi ya dakika mbili inageuka ya jioni nzima.

BintiGitaa

Jamani!! Inanguruma. Q2 kolekta 3.3, emita 0.68. Yaani namba zako za juu kabisa kule.

FundiTransista

Vizuri sana. Sasa trimu ya 10k badala ya 8.2k, uipeleke 4.5, usikilize, halafu uipeleke 6 na kisha 7.5, usikilize tena. Ukiisogeza kuelekea betri noti zinaanza kukatika mwishoni, zinatema, kama pedali inataka kuzima. Ukiishusha kuelekea volti moja inakuwa nzito, ya kulegea, na sauti inapungua. Usiniulize ipi sahihi. Mimi binafsi silikoni naiacha karibu na 5.

NyuziSita

Sawa fundi, turudi kwangu. Nina AC128 kama kumi na mbili kwenye kopo. Nimezipima kwenye mita ile yenye tundu la hFE, zinasoma kuanzia 60 mpaka 190. Hizo za 190 si ndo kali?

FundiTransista

Hizo za 190 ndizo nisingeziamini kwanza. Gerimani inavuja. Hata beisi ikiwa haijaunganishwa na kitu, mkondo fulani unapita kolekta kwenda emita. Ile mita haitofautishi uvujaji na ukuzaji, inajumlisha vyote na kukupa namba ya kufurahisha.

Njia ambayo R.G. Keen, mwandishi wa mambo ya saketi za pedali, aliieneza miaka mingi iliyopita haihitaji kifaa chochote cha ajabu. Betri ya volti 9. Kwa PNP, emita kwenye chanya. Kolekta kwenye rezista ya 2.47k kwenda hasi. Hiyo unaipata kwa kuunga 2.2k na 270 mfululizo. Mita pima volti juu ya hiyo rezista. Beisi iache hewani. Unachosoma hapo ni uvujaji mtupu: volti 0.25 ni kama mikroampu 100. Kisha unganisha beisi kwenye hasi kupitia rezista ya 2.2M. Hiyo inaipa beisi mikroampu 4 hivi. Soma tena.

Tuseme kwanza umesoma 0.25, sasa 1.05. Tofauti ni 0.80, zidisha kwa 100, hFE halisi ni 80. Bila kuondoa uvujaji ungesema 105. Transista mbovu kabisa itakupa 1.2 beisi ikiwa hewani na 1.6 ukiiunga: hiyo ni ya kukuza 40 inayojifanya ya 160.

Jambo moja muhimu: usiishike kwa vidole. Ichomeke kwa koleo, kaa pembeni, subiri namba itulie. Ukiibana kwa vidole utaona volti inapanda mbele ya macho yako, kwa sababu uvujaji unakaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi.

NyuziSita

Ngoja nikazipime zote.

MpigaBesi

Wakati NyuziSita anapima, mimi nauliza la besi. Kila fazi ninayounga, nikiikanyaga bendi nzima inanitafuta nimekwenda wapi. Peke yangu chumbani ni tamu, na ngoma zikiingia nimepotea.

KapasitaKavu

Ongeza kapasita ya kutokea mkuu, toka 10nF weka 100nF.

FundiTransista

Inasaidia kidogo, lakini si hapo tatizo lilipo. 10nF na nobu ya 500k inaanza kupunguza chini ya hezi 32 hivi, wakati uzi mnene wa besi ni hezi 41. Ikishaunganishwa na amplifaya yenye ukinzani mdogo ndipo inapanda na kuanza kula chini, kwa hiyo 100nF weka tu, haina hasara.

Tatizo la besi ni kwamba fazi inalifanya kila wimbi kuwa la mraba. Mguso wa kidole, ule mwanzo wa noti, unafutwa. Kila noti inaanza na kuisha na ukubwa mmoja, na kwenye bendi sikio linashindwa kuitenganisha. Dawa ni kuchanganya. Chukua sauti safi kabla ya fazi, ipitishe kwenye bafa (kijisaketi kinachopitisha sauti bila kuilemea pikapu), halafu ziunganishe mwishoni kwa nobu moja, upande mmoja safi, upande mwingine fazi. Bafa iwe kwenye njia ya sauti safi tu, usiiweke mbele ya fazi yenyewe kama ni Fuzz Face, itaua kule kusafika tulikokuwa tunakusema na NyuziSita. Ukikuta fazi ikipanda sauti safi inakonda, moja imegeuzwa kichwa chini; geuza njia mojawapo kwa transista moja ya ziada.

Na kama unataka kitu cha kuanza nacho leo usiku, unga Bazz Fuss. Transista moja, MPSA13, ambayo ndani yake ni mbili zilizounganishwa. 10k kutoka kolekta kwenda betri. Dayodi 1N914 kati ya kolekta na beisi, mstari ukiangalia beisi. 4.7µF kuingia, 0.1µF kutoka, nobu ya 100k. Imekwisha. Haina ustaarabu wowote na kwa besi inafaa sana.

MpigaBesi

Nimeipenda hiyo "haina ustaarabu". Naunga.

KapasitaKavu

Wakuu, mimi nina ya silikoni imekamilika, imeingia kwenye boksi, kila kitu. Nikiwasha fazi mpaka mwisho na kuacha kupiga, nasikia mtangazaji wa redio anasoma habari. Sitanii.

BintiGitaa

😂😂 Pedali mbili kwa moja.

FundiTransista

Cheka, lakini ni jambo la kawaida. Silikoni inakuza mpaka masafa ya redio, waya wa gitaa ni antena, na beisi ya Q1 inafanya kazi ya kudaka kile kilichobebwa na mawimbi. Unganisha kapasita ndogo, 47pF mpaka 100pF, kati ya kolekta na beisi ya Q1, miguu mifupi kabisa. Ikibaki, weka nyingine kwenye Q2. Ukizidisha pikofaradi fazi inaanza kufifia juu, na kuna wanaofanya hivyo makusudi ili kuilainisha. Hakikisha pia boksi la chuma limeungwa na graundi, na waya kutoka jeki ya kuingilia kwenda swichi uwe mfupi au wenye kinga.

Kama bado umeishikilia ile 330 juu ya kolekta, hapohapo ongeza sauti. Saketi hii inachukua sauti kati ya 330 na rezista ya kolekta, kwa hiyo unapata kipande kidogo tu cha kinachotokea kwenye kolekta: 330 katika jumla ya 6.6k (trimu ikiwa imeipeleka kolekta 4.5) ni asilimia 5. Weka 1k badala yake, urudishe trimu ili jumla ibaki ileile, unapata asilimia 15. Mara tatu. Wengi wanaolalamika kwamba fazi yao ina sauti ndogo kuliko gitaa tupu, ugonjwa wao ni huo.

KapasitaKavu

100pF moja kwenye Q1, mtangazaji kanyamaza. 1k nitaweka kesho.

NyuziSita

Nimerudi. Nimepima zote kumi na mbili. Zile zilizokuwa zinasoma 190 na 170, moja inavuja 1.4, nyingine 0.9. Takataka. Nilizobaki nazo za kueleweka ni tano: 68, 74, 81, 104, 118. Uvujaji wote chini ya 0.4.

FundiTransista

Kopo lako limekulipa. Wajenzi wengi wanataka Q1 iwe 70 hadi 80 na Q2 iwe 100 hadi 130. Weka ya 74 Q1, ya 118 Q2. Ya 81 na 104 ni jozi ya pili. Q1 chagua yenye uvujaji mdogo zaidi, kwa sababu uvujaji wa Q1 ndio unaosukuma kila kitu. Joto likipanda, Q1 inavuta zaidi kuliko ilivyoombwa, beisi ya Q2 inakosa chakula, Q2 inafunga, na kolekta yake inapanda kuelekea betri. Ndipo pedali iliyokuwa tamu asubuhi inatema mate mchana jukwaani chini ya taa. Weka trimu ya 20k badala ya 8.2k, na mlete nobu yake nje ya boksi kabisa kama unapiga sehemu zenye joto linalobadilika. Wapiga gitaa wanaona aibu kuwa na nobu ya bayasi (hiyo ya kupanga volti ya kolekta) usoni mwa pedali, sijui kwa nini.

Unapolehemu gerimani tumia soketi. Kama ni lazima kulehemu moja kwa moja, bana mguu kwa koleo kati ya moto na transista.

NyuziSita

Imekaa 4.6. Sauti ni ileile ninayoisema siku zote. Nashikilia msimamo: gerimani.

Swali sasa. Nimeiunganisha kwenye mnyororo wa umeme pamoja na pedali nyingine, adapta moja, na vyote vikazima. Nikiitoa hii, vingine vinawaka.

BintiGitaa

Ina shoti?

FundiTransista

Yenyewe haina, umeiunga na wenzake ndiyo ikaleta shoti. PNP ya mtindo wa zamani ina chanya kwenye graundi. Pedali zako nyingine zina hasi kwenye graundi. Graundi zote zinakutana kupitia waya za sauti, zile kinga za nje, kwa hiyo umeunganisha chanya na hasi za adapta moja kwa moja. Ni bahati adapta imejizima. Itoe haraka.

Una njia tatu. Betri yake peke yake, na hii ndiyo naipendekeza, saketi inakula miliampu isiyozidi moja, betri inakaa miezi. Au tundu la adapta lililotenganishwa kabisa na mengine. Au uweke ndani ya pedali kijisaketi cha kugeuza volti 9 kuwa hasi 9, TC1044S au MAX1044, kapasita mbili za 10µF na basi.

MpigaBesi

Nakazia betri. Na jeki ya kuingilia iwe ya stirio, hasi au chanya ya betri ipite kwenye ringi, ukichomoa waya betri inakatika. Nimeona watu wanalaumu betri kumbe pedali inawaka usiku kucha.

BintiGitaa

Mimi naona nimepata ugonjwa wenu. Naweza kuibadilisha ile pedali ya fazi ya Big Muff? Ninayo, ya kiwandani, lakini kwenye bendi inapotea kama MpigaBesi alivyosema.

FundiTransista

Big Muff ni mnyama mwingine, transista nne, dayodi zinazokata wimbi mara mbili, na nobu ya toni mwishoni. Kupotea kwake kunatoka kwenye hiyo toni. Ndani kuna njia mbili. Ya chini ni 39k na 10nF, inapitisha kilicho chini ya hezi 400 hivi. Ya juu ni kapasita ya 4nF na 22k, inapitisha kilicho juu ya hezi 1800 hivi. Katikati, pale kwenye hezi 1000, pamechimbwa shimo, na hapo ndipo gitaa linaposikika ndani ya bendi. Thamani zinatofautiana toleo kwa toleo, kwa hiyo soma zilizoko ndani ya yako kabla ya kugusa.

Badilisha ile 4nF, weka 10nF. Njia ya juu sasa inaanzia kwenye hezi 720, zinakaribiana, na shimo linafukiwa sehemu kubwa. Kapasita moja tu. Kama unaogopa kuharibu, weka swichi ndogo inayoongeza kapasita ya 6.8nF sambamba na iliyopo, ukiizima unarudi kwenye sauti ya kiwandani. Kama ni mpya yenye vipande vidogo vya kubandika juu ya bodi, fikiria mara mbili, hizo zinataka mkono uliozoea.

KapasitaKavu

Hivi nani alianzisha huu wazimu wa kuharibu sauti makusudi?

MpigaBesi

Mashine mbovu. Nashville, Marekani, mpiga gitaa Grady Martin alikuwa anarekodi besi ya nyuzi sita kwenye wimbo wa Marty Robbins uliotoka 1961, mkondo mmoja wa meza ya studio ukawa umeharibika na sauti ikatoka imechanika. Wakaiacha. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaja kuitengenezea saketi ya transista, Gibson wakaitoa 1962 kwa jina la Maestro FZ-1. Volti 3 tu, betri mbili ndogo. Haikununuliwa sana mpaka Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia 1965.

NyuziSita

Na zote tatu za ndani yake zilikuwa gerimani. Nasema tu.

FundiTransista

Nilijua utarudi na hilo.

NyuziSita

😂 Fundi, nimeweka ile TC1044S. Inafanya kazi kwenye mnyororo na wenzake, hakuna shoti. Lakini kuna mluzi mwembamba nyuma, haubadiliki hata nikizungusha nobu ya fazi.

FundiTransista

Hicho kijisaketi kinapiga kwenye kilohezi 10, sikio linaisikia. Unganisha pini ya 1 na pini ya 8, kinapanda juu ya uwezo wa sikio. Uangalie maandishi kabla: 7660 ya kawaida haina hiyo pini ya kuongeza kasi, TC1044S na MAX1044 zinayo. Na adapta isizidi volti 9, hizo chipu hazina uvumilivu mkubwa.

NyuziSita

Ni TC1044S kweli, nimesoma kwa kioo cha kukuzia. Nalehemu pini 1 na 8 jioni hii, nitaleta majibu.

BintiGitaa

Ukimaliza tuwekee na volti za Q2 tafadhali, nataka kulinganisha na yangu. Nimeagiza AC128 nane.